Kishikwambi, kikumbusho au akili unde: zana ipi ya kumsaidia daktari kuamua inakifaa kituo chako?

Mtoto wa miezi 14, kilo 11, ana homa na kikohozi tangu juzi. Pumzi zake zikihesabiwa kwa dakika nzima, akiwa ametulia mapajani kwa mama yake, zinafika 44. Kwa IMCI, mwongozo wa WHO na UNICEF wa kutibu watoto wa chini ya miaka 5, mtoto wa miezi 12 hadi 59 anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika anapumua haraka. Akiwa na kikohozi, hiyo ni nimonia. Dawa yake ni amoxicillin ya kuyeyuka ya mg 250, vidonge 2 asubuhi na 2 jioni kwa siku 5, yaani vidonge 20. Pumzi hizo hizo zikikisiwa kwa jicho na kuandikwa 36, mtoto huyo huyo anaondoka na jina la mafua na hastahili hata kidonge kimoja cha antibayotiki. Au hazihesabiwi kabisa, anaandikiwa antibayotiki kwa kuhofia lawama, na foleni inasonga.

Kinachotenganisha majibu hayo matatu ni sekunde 60, na tabibu mwenye wagonjwa 50 nje ya mlango anajua thamani ya kila mojawapo. Zana za kompyuta za kusaidia maamuzi zinaingia hapo hapo. Zinaongeza sekunde mahali fulani, zinapunguza mahali pengine, na zinabadilisha kile ambacho daktari anakitazama. Mganga mfawidhi au mwenye kliniki anayetaka kununua moja anakuta zimepangwa tatu mbele yake, kila mwuzaji akisifu yake. Hapa tunaziweka kwenye mizani moja. Tunaposema tabibu tunamaanisha yeyote anayeandika cheti: daktari bingwa, daktari, afisa tabibu wa zahanati au afisa wa kliniki.

Zana zenyewe

Ya kwanza ni kishikwambi cha hatua kwa hatua. Mwongozo wa matibabu umegeuzwa programu: tabibu anajaza umri, uzito na joto, anajibu swali moja baada ya jingine, na mwisho programu inataja ugonjwa, dawa na dozi. Tanzania imekuwa uwanja mkubwa wa kazi hii, kuanzia ALMANACH, kisha ePOCT iliyojaribiwa Dar es Salaam, hadi ePOCT+ iliyojaribiwa Mbeya na Morogoro.

Ya pili ni kikumbusho ndani ya mfumo wa rekodi za wagonjwa. Tabibu anafanya kazi yake kama kawaida. Mfumo unasoma kilichokwisha kuandikwa na kusema kipimo kimepitwa na wakati, dawa mbili zinagombana, au dozi imezidi uzito. KenyaEMR na mifumo mingi ya kliniki za VVU katika ukanda huu imejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa iliyoanza mwaka 2004.

Ya tatu ni msaidizi wa akili unde. Anasoma maelezo aliyoandika tabibu kwa lugha yake mwenyewe, kisha anatoa maoni: hapa umeacha swali, hapa dawa haiendani na ugonjwa ulioandika. Mfano unaojulikana zaidi kwetu ni AI Consult ya kliniki za Penda Health jijini Nairobi, iliyotengenezwa kwa kutumia modeli ya OpenAI.

Vigezo vya kuzilinganisha

- Inazuia kosa la aina gani, na kuna ushahidi gani?
- Inachukua dakika ngapi za mashauriano, na kutoka wapi?
- Inapiga kelele kiasi gani?
- Inafanya nini kwa ujuzi na uhuru wa tabibu?
- Inahitaji umeme, mtandao, mafundi na sheria gani?

Kigezo cha kwanza ndicho kinachobeba vingine vyote, kwa hiyo tutakaa nacho zaidi.

Kosa gani linazuiwa

Makosa ya chumba cha daktari yako ya namna tatu: kuruka hatua, kusahau jambo unalolijua, na kukosea kufikiri. Kila zana ina lake.

Kishikwambi kinazuia kuruka. Hakikuruhusu kufika kwenye dawa kabla hujajibu kama mtoto anaweza kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege, kama amelegea. Kwa mtoto wetu wa kilo 11 kingedai idadi ya pumzi, kingedai majibu ya mRDT (kipimo cha haraka cha malaria), kisha kingepiga hesabu ya vidonge 20 chenyewe. Ushahidi wake ni mzito. Katika jaribio la Dar es Salaam lililochapishwa mwaka 2017, watoto wenye homa waliohudumiwa kwa ePOCT walipewa antibayotiki asilimia 11.5, wakati wa ALMANACH walikuwa asilimia 29.7, na walioshindwa kupona hadi siku ya 7 walikuwa asilimia 2.3 kwa 4.1. Dawa chache zaidi, na matokeo bora zaidi. Miaka michache baadaye ePOCT+ ikajaribiwa kwenye vituo 40, nusu wakiitumia na nusu wakiendelea na utaratibu wao, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024: antibayotiki asilimia 23.2 dhidi ya 70.1, bila watoto kuzidiwa zaidi upande wa walioandikiwa chache.

Lakini namba hizo hazikuletwa na kioo peke yake. Zilikuja pamoja na oksimita ya kidole ya kupima oksijeni kwenye damu, kipimo cha CRP cha tone la damu kinachosaidia kujua kama antibayotiki inahitajika, mafunzo na usimamizi wa karibu. Anayenunua kishikwambi akaacha vipimo amenunua nusu ya zana, na asitarajie matokeo ya zana nzima. Tena mti wa maswali, yaani mpangilio wa maswali ulio ndani ya programu, unajua yaliyopandwa ndani yake tu. Akiingia mzee wa miaka 58 mwenye presha na miguu iliyovimba, programu ya watoto haina la kumwambia.

Kikumbusho kinazuia kusahau. Mfano mmoja unatosha kuonyesha nguvu yake. Mgonjwa anatumia TLD, dawa ya VVU ya kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravir mg 50. Anagundulika na TB, anaanzishiwa dawa zenye rifampicin. Rifampicin inalifanya ini livunje dolutegravir haraka, kwa hiyo anahitaji mg 50 nyingine saa 12 baada ya TLD, na aendelee nayo hadi wiki 2 baada ya kumaliza rifampicin. Kila tabibu wa kliniki ya VVU amefundishwa hilo. Saa 8 mchana, mgonjwa wa 40, anayeandika cheti cha TB akiwa chumba kingine kabisa, hulisahau. Kompyuta haichoki saa 8 mchana.

Ushahidi wa karibu uko Eldoret, Kenya, kwenye AMPATH, mpango wa huduma za VVU. Kliniki iliyopewa vikumbusho vya kipimo cha CD4 (hesabu ya chembe za kinga) kilichopitwa na wakati iliagiza kipimo hicho kwa asilimia 53 ya waliostahili, na isiyopewa asilimia 38. Kwa watoto wenye VVU tofauti ilikuwa kubwa zaidi: kazi zilizocheleweshwa zilikamilishwa kwa asilimia 68 palipokuwa na kikumbusho, asilimia 18 pasipokuwepo. Asidhani mtu kwamba kila mahali huwa hivyo. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la tiba la BMJ mwaka 2020, uliojumlisha majaribio 122 ya zana za namna hii, ulikuta kwa wastani wagonjwa waliopata huduma iliyokusudiwa wanaongezeka kwa pointi 5.8 za asilimia. Ni faida ya kweli, lakini ni ndogo kuliko inavyoahidiwa kwenye vikao vya mauzo. Eldoret walifaulu kwa sababu waliuliza jambo moja lililo wazi, kwa wakati ambao tabibu angeweza kulitenda.

Kwa mtoto wetu, mfumo wa rekodi ungeona kwamba chanjo ya surua-rubella ya miezi 9 haijaandikwa, na ungekataa dozi isiyolingana na kilo 11. Pumzi usingeziuliza.

Akili unde inalenga kukosea kufikiri. Tabibu akiandika "homa, kikohozi siku 2, mafua, amoxicillin", msaidizi ataona vitu viwili: pumzi hazikuandikwa, na ugonjwa ulioandikwa hauhitaji dawa iliyoandikwa. Hilo la pili ni jambo ambalo mti wa maswali na kikumbusho cha kawaida hukosa, kwa sababu linahitaji kusoma maelezo yote kwa pamoja. Nairobi, ripoti iliyotolewa mwaka 2025 juu ya mashauriano 39,849 katika kliniki 15 ilionyesha makosa ya utambuzi yakipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13 kwa matabibu waliokuwa na msaidizi, wakilinganishwa na wenzao wasiokuwa naye. Waliokagua makosa hayo walikuwa madaktari waliosoma mafaili. Kwa upande wa wagonjwa kujisikia vizuri baadaye, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitishwa. Kwa hiyo ushahidi wake ni mchanga: maamuzi yameboreka, afya bado inasubiri kuonyeshwa.

Kuna udhaifu ambao zote tatu zinagawana, na ndio unaotakiwa kukumbukwa kila siku: zinaamini namba unayozipa. Ukiandika pumzi 36 bila kuhesabu, kishikwambi kitasema mafua, mfumo wa rekodi utakaa kimya, na akili unde itakupongeza kwa kutotoa antibayotiki. Kidokezo cha kukisia huonekana kwenye takwimu za mwezi: pumzi zikirundikana kwenye 30, 36 na 40, joto likiwa 37.0 kwa kila mtoto wa tatu, hapo hapapimwi. Baadhi ya programu za kishikwambi zina saa ya dakika moja ambayo tabibu hugusa kioo kwa kila pumzi. Ukiweza kuchagua, chagua yenye saa hiyo.

Dakika

Kishikwambi kinarefusha mashauriano, hasa majuma ya kwanza. Sehemu ya dakika hizo ni kazi halali iliyokuwa ikirukwa, na hizo hazipaswi kulaumiwa. Sehemu nyingine ni uandishi maradufu: mtoto mmoja anaandikwa kwenye kishikwambi, kwenye kitabu cha MTUHA namba 5 (rejesta ya wagonjwa wa nje), kwenye kadi yake, na pengine kwenye mfumo wa bima. Hapo ndipo zana nyingi nzuri zilipofia. Tabibu aliyebanwa huanza kumhudumia mgonjwa kwa mazoea, kisha jioni anakaa na kujaza fomu zote kwa mpigo. Dozi ilishatolewa, mama ameshafika nyumbani, na programu imebaki daftari la takwimu. Ni rahisi kuligundua: angalia saa ya kufungua na kufunga kila fomu. Fomu 15 zilizojazwa kati ya saa 9 na saa 9 na nusu alasiri, kila moja ndani ya dakika 2, zinakueleza yote. Dawa yake si kukaripia. Kaa na mganga mkuu wa wilaya mkubaliane ni kitabu kipi kitajazwa kutokana na ripoti ya programu, ili tabibu aandike mara moja.

Kikumbusho chenyewe kinachukua sekunde. Gharama yake imejificha kwenye kuandika, maana mfumo usiojazwa hauna cha kukumbusha. Eldoret walilikwepa hili kwa ustadi: karani ndiye aliyeingiza data kwenye kompyuta, na kikumbusho kilichapishwa kwenye karatasi ya muhtasari wa mgonjwa iliyomfikia tabibu ikiwa ndani ya faili. Tabibu hakugusa kibodi. Kituo chenye kompyuta moja na karani mmoja mwangalifu kinaweza kufanya hivyo hata leo.

Akili unde haidai fomu, ila inadai maelezo. Maneno matatu yataleta ushauri wa jumla usiosaidia; mistari 5 au 6 yenye muda wa dalili, vipimo na dawa zilizotangulia italeta ushauri wa maana. Anayeandika kwa vidole viwili ataona foleni ikirefuka. Halafu kuna kungoja jibu, na kungoja huko kunategemea mtandao wa siku hiyo.

Kelele

Hapa kikumbusho ndicho kinachoumia zaidi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikuta madaktari wakipuuza kati ya asilimia 49 na 96 ya tahadhari za usalama wa dawa. Si ukaidi. Mfumo unaopiga tahadhari kila mgonjwa anapoandikiwa paracetamol na dawa nyingine yoyote unamfundisha daktari kubofya "endelea" bila kusoma, na siku tahadhari ya rifampicin na dolutegravir itakapotokea, kidole kitakuwa kimeshabofya. Orodha za mgongano wa dawa zinazokuja na mifumo ya nje mara nyingi hazikuchujwa kwa dawa zilizomo kwenye stoo yako, kwa hiyo mchujo ni kazi yako.

Kanuni tunayoisimamia ni hii: tahadhari ya kusimamisha kazi iwe kwa kitu kinachoweza kuua au kulemaza tu. Mengine yaandikwe pembeni ya kioo, asome anayetaka. Kila mwezi toa hesabu ya kila tahadhari, imetokea mara ngapi na imepuuzwa mara ngapi. Iliyopuuzwa mara 9 kati ya 10 iandikwe upya au izimwe, na mfamasia awepo kikao hicho.

AI Consult ilipangwa kwa rangi, na mpangilio huo unafaa kuigwa: kijani haisemi kitu, njano tabibu anaisoma akitaka, nyekundu inamsimamisha. Hata hivyo kuwasha taa hakukutosha. Mwanzoni, mashauriano yaliyofungwa yakiwa bado na nyekundu yalikuwa kati ya asilimia 35 na 40. Kwa waliokuwa na msaidizi yalishuka hadi 20 baada ya wenzao kuwaelekeza mmoja mmoja na kuonyeshana namba. Anayepanga bajeti ya akili unde aweke na mshahara wa mtu wa kuelekeza.

Kishikwambi hakina kelele ya namna hiyo. Kosa lake ni rufaa zisizo za lazima, na huanzia kwenye tafsiri ya swali. "Anatapika kila kitu" maana yake hakuna kinachobaki tumboni, hata maji. Tabibu akiweka alama ya ndiyo kwa mtoto aliyetapika mara moja asubuhi, programu itaamuru rufaa, na mama atatafuta nauli ya kwenda hospitali ya wilaya bure. Mpe mtoto maji hapo hapo mezani, mtazame, kisha ujibu.

Ujuzi na uhuru wa tabibu

Tabibu mpya anapata faida kubwa kwa kishikwambi, kwa kuwa kinamshika mkono katika mpangilio sahihi hadi mpangilio huo uwe wake. Mwenye miaka 15 kazini anaweza kujiona amefungwa kamba, hasa anapoona jibu dakika 3 kabla ya programu. Zana nzuri ina mlango wa "sikubaliani" wenye nafasi ya kuandika sababu, na sababu hizo husomwa na watu. Zikikusanywa zinaonyesha mahali mti wenyewe ulipokosea. Zana isiyo na mlango huo hudanganywa: tabibu anarudi nyuma na kubadili jibu hadi dawa anayoitaka itokee, na takwimu zinaharibika.

Mbele ya mzazi pia kuna jambo. Wengine huona kishikwambi kama dalili ya kuhudumiwa kwa makini, wengine hudhani tabibu anachezea simu. Kugeuza kioo na kusema "mama, naingiza uzito wa mtoto nipate dozi yake kamili" huondoa shaka hiyo kwa sekunde 5.

Kikumbusho hakigusi sana ujuzi. Kinakaa pembeni ya kazi.

Kwa akili unde tuwe waangalifu kwa dhati. Utafiti wa vituo 4 nchini Poland uliochapishwa mwaka 2025 uliwatazama madaktari wanaopima utumbo mpana kwa kamera. Baada ya kuzoea akili unde, walipofanya kazi bila hiyo waligundua vivimbe vya awali kwa asilimia 22.4 ya wagonjwa, wakati kabla ya kuizoea walikuwa wakigundua kwa asilimia 28.4. Ni kazi tofauti na ya zahanati, na utafiti mmoja haufungi mjadala, lakini onyo lake linatosha kutupangia utaratibu: tabibu aandike utambuzi wake na dawa zake kwanza, ndipo msaidizi aseme. Akisema kwanza, jicho la tabibu huegemea jibu lililokwisha kuletwa, hata likiwa na kosa. Na kosa la akili unde lina ubaya wake wa pekee, maana linaandikwa kwa lugha fasaha kama jibu sahihi. Kila dozi inayoitaja ilinganishwe na mwongozo wa taifa kabla ya cheti kusainiwa. Sahihi ni ya tabibu, na mbele ya baraza la taaluma atajibu yeye.

Umeme, mtandao, fundi na sheria

Kishikwambi kinaweza kufanya kazi bila intaneti na kutuma data mtandao unapopatikana. Kinahitaji kabati lenye kufuli, chaja zenye namba, chanzo cha umeme wa akiba kama sola, na kishikwambi kimoja cha ziada kwa kila vinne, kwa kuwa kioo kitapasuka. Mahali panapotumika vingi, weka ruta na seva ndogo ya ndani ili muuguzi anayepima uzito na tabibu waone faili moja. Ugumu uko kwenye masasisho: mwongozo wa taifa ukibadilika, kuna mtu lazima aubadili mti, aujaribu, na ausambaze. Uliza ni nani, na alifanya lini mara ya mwisho.

Mfumo wa rekodi unataka uwekezaji mkubwa zaidi mwanzoni: kompyuta kila chumba, nyaya, seva, UPS (betri ya akiba ya kompyuta) inayoweza kuvuka kukatika kwa umeme, na fundi anayefika siku hiyo hiyo. Mfumo ukizima saa 2, foleni inarudi kwenye karatasi, na wengi hawaingizi karatasi hizo baadaye. Kesho yake vikumbusho vinadai vipimo vilivyokwisha kufanyika, na imani inapungua.

Akili unde inahitaji mtandao kwa kila mgonjwa, na hulipiwa kwa matumizi, hivyo gharama inapanda na foleni. Kuna na sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya ziko kwenye kundi linalolindwa zaidi. Kabla ya mkataba, taka uonyeshwe kwa macho maandishi yanayotoka nje ya kituo: jina, simu na namba ya kadi visiwemo. Tabibu anayenakili faili la mgonjwa kwenye programu ya bure ya simu yake anavunja siri ya mgonjwa, hata nia ikiwa njema. Halafu modeli inaweza kubadilishwa na mwenyewe bila wewe kujua. Tunza mafaili 50 ya mfano yasiyo na majina, yenye majibu yaliyokubaliwa na madaktari wako, uyapitishe upya kila toleo linapobadilika.

Kabla ya kulipa

Chukua mafaili 60 ya mwezi uliopita bila kuchagua. Matabibu wawili wayasome kila mmoja peke yake, na kila kosa waliweke kwenye kapu moja kati ya matatu: limerukwa, limesahauliwa, limefikiriwa vibaya. Wanapotofautiana, wajadiliane hadi wakubaliane. Kapu lililojaa ndilo linalochagua zana. Kisha pima kwa saa mashauriano 20 ya kawaida, ili ujue dakika zako za sasa. Jaribu zana kwenye chumba kimoja kwa wiki 4, usihesabu wiki ya kwanza, na upime tena mashauriano 20 na mafaili 60. Mwuzaji anayekataa majaribio ya wiki 4 amekujibu tayari.

Kwa hali yako

Zahanati ya kijijini, tabibu mmoja au wawili, watoto wengi, mtandao wa kubahatisha: kishikwambi cha hatua kwa hatua, pamoja na oksimita na mRDT za kutosha. Kama fedha haitoshi kununua vyote, nunua oksimita na saa ya kuhesabia pumzi kwanza, na kitabu cha chati cha karatasi kiwe wazi mezani.

Kliniki ya VVU, TB, kisukari au presha, yenye wagonjwa wale wale wanaorudi kila mwezi: vikumbusho. Anza na vitano tu, na kimoja kiwe cha rifampicin na dolutegravir. Kama matabibu hawaandiki kwenye kompyuta, tumia karani na muhtasari wa karatasi.

Kliniki ya mjini yenye wagonjwa wa kila aina, matabibu wanaoandika maelezo kamili kwenye kompyuta, na intaneti ya uhakika yenye laini ya akiba: akili unde inastahili kujaribiwa, ikiwa yupo daktari mwandamizi wa kupitia nyekundu za kila wiki pamoja na matabibu.

Hospitali ya wilaya au ya kaunti yenye mfumo wa rekodi tayari: safisha tahadhari ulizonazo kabla ya kununua chochote kipya. Mara nyingi kuna zaidi ya 100, na zinazosomwa hazifiki 10.

Kituo ambacho amoxicillin ya watoto huisha tarehe 15 ya kila mwezi: peleka fedha kwenye dawa. Programu itakayomwambia tabibu kwamba yule mtoto wa kilo 11 anahitaji vidonge 20 ije stoo ikiwa na vidonge 20.